Maumbile: Maabara Isiyo na Mlango wala Kufuli

Mwite mtoto wa darasa la sita, umwulize maana ya msuguano. Hapana shaka atasimama wima, aweke mikono nyuma, na kukujibu neno kwa neno kama daftari lake linavyosema: msuguano ni kani inayopinga mwendo baina ya vitu viwili vinavyogusana. Mpongeze kwa hilo, kisha umwulize swali la pili: mbona soli za viatu vyake zimechongwa mifereji, na mbona mama humwaga majivu pale ua unapoteleza? Hapo aghalabu kimya hutanda. Swali la kwanza lilitaka kumbukumbu, nalo amelimudu. La pili lilimtaka aelewe, na hakuna aliyemzoeza kazi hiyo.

Kasoro hii si ya mtoto, wala si haki kumtwika mwalimu lawama yote. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi kuliko madawati, na asiye na vifaa vya kuwagawia, hulazimika kuandika ubaoni ili wote wanakili. Lakini hasara yake ni kubwa, nayo huonekana zaidi mtoto anapotoka shule ya msingi kwenda sekondari. Katika shule zetu za msingi za serikali sayansi hufundishwa kwa Kiswahili. Katika sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyehifadhi maneno matupu hujikuta hana kitu siku maneno yanapobadilishwa. Aliyelifahamu jambo lenyewe hana la kupoteza, kwani hulibadili jina tu, na jambo likabaki lile lile.

Basi, akina baba na akina mama wafanye nini, na mwalimu asiye na maabara afanye nini? Njia moja, isiyodai fedha nyingi, ni kumfundisha mtoto sayansi kwa kupitia vyombo ambavyo wanadamu wamevibuni kwa kuiga viumbe. Taaluma hiyo ya kuiga maumbile ilipata umaarufu duniani hasa baada ya mwandishi wa Kimarekani, Janine Benyus, kuiandikia kitabu mwaka 1997. Wengi huisimulia kama mkusanyiko wa maajabu: treni ya Kijapani iliyochongwa pua kwa mfano wa mdomo wa mdiria, ndege mla samaki, rangi ya ukuta iliyojifunza usafi kwa jani, jumba lililojifunza kupumua kwa kichuguu. Simulizi hizo ni tamu. Lakini zikiishia kuwa simulizi, mtoto atakuwa ameongezewa tu mambo mengine ya kukariri. Faida yake huanza pale anapoulizwa, "Kiumbe hiki kinafanyaje?" na akapewa nafasi ya kulipima jibu lake kwa mkono wake mwenyewe.

Mtoboa mbao na mto Thames

Mafundi wa vyombo katika pwani yetu wanamjua vyema adui mmoja wa baharini, anayetafuna mbao za mashua kutoka ndani. Umbo lake jembamba na refu humfanya adhaniwe kuwa funza, lakini kwa hakika ni wa jamii moja na chaza. Kwa ajili yake vyombo hupandishwa pwani, vikababuliwa chini kwa moto wa makuti, kisha vikapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Kwa mwenye chombo, kiumbe huyu ni hasara tupu.

Marc Isambard Brunel, mhandisi mzaliwa wa Ufaransa aliyefanya kazi Uingereza, alimtazama kwa jicho jingine. Alijiuliza kiumbe laini kama huyu anawezaje kuchimba njia ndani ya mbao zilizolowa na kuvimba, bila njia hiyo kumbana. Jibu lilikuwa katika mwili wake. Kichwani ana magamba mawili magumu, ambayo kwayo huparua mbao. Na huku nyuma hupaka kuta za tundu lake utando mgumu wa chokaa. Kwa maneno mengine, huchimba mbele na kujenga nyuma kwa wakati mmoja.

Mwaka 1818 Brunel alipata hati ya kulinda ubunifu wa ngao ya kuchimbia handaki, na mwaka 1825 kazi ikaanza chini ya mto Thames, mjini London. Wachimbaji walisimama ndani ya fremu kubwa ya chuma iliyogawanywa vyumba 36. Kila mmoja alichimba kipande kidogo cha udongo mbele yake, fremu ikasukumwa mbele, na waashi wakajenga kuta za matofali nyuma yake. Haikuwa kazi rahisi. Maji ya mto yalivunja na kuingia zaidi ya mara moja, na watu walipoteza maisha. Hata hivyo handaki lilifunguliwa mwaka 1843, likiwa la kwanza duniani kujengwa chini ya mto unaopitisha meli. Mitambo inayochimba njia za treni chini ya miji mikubwa leo bado hufuata kanuni ile ile ya kuchimba mbele huku ukuta ukijengwa nyuma.

Mtoto anayecheza ufukweni au penye lundo la mchanga wa ujenzi anaweza kuipima kanuni hiyo. Achimbe shimo katika mchanga uliolowa chapachapa, naye ataona kuta zikimomonyoka kila anapoongeza kina. Kisha achukue kipande cha bomba la plastiki, akishindilie mchangani, na achote mchanga wa ndani huku akiendelea kukisukuma chini. Safari hii shimo halitaporomoka. Sasa mwulize ni nini kilichokuwa kikizisukuma kuta zile, na ni nini kilichozizuia. Akijibu maswali hayo mawili kwa maneno yake mwenyewe, ameyaelewa mengi kuhusu kanieneo kabla ya kuandikiwa neno hilo ubaoni.

Kishonanguo si kulabu

Kila aliyepita katika shamba lililoachwa magugu amewahi kurudi nyumbani na kishonanguo, zile mbegu nyeusi nyembamba zinazojichomeka katika suruali na pindo za kanga. Tumezoea kuzichuna kwa hasira na kuzitupa, na kwa kuzitupa tunaisaidia mimea hiyo kufanya ilichokusudia, yaani kusafirisha uzao wake.

Mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alirejea kutoka matembezini milimani akiwa na mbwa wake. Matunda yenye miiba ya mmea wa nchi za baridi yalikuwa yameng'ang'ania manyoya ya mbwa na nguo zake. Aliyaweka chini ya hadubini, akaona kwamba ncha ya kila mwiba imepinda kama kulabu, na kwamba kulabu hizo zilinasa katika vitanzi vya nyuzi na manyoya. Kutoka hapo hadi chombo chenye manufaa palikuwa na miaka mingi ya kujaribu na kushindwa. Pamba haikufaa, kwa kuwa ilichakaa upesi. Hatimaye alitumia nailoni iliyokazwa kwa joto, upande mmoja ukiwa na kulabu na upande wa pili vitanzi. Katika miaka ya 1950 alipata hati ya kulinda ubunifu wake, akauita Velcro kwa kuunganisha maneno ya Kifaransa yenye maana ya mahameli na kulabu. Ndio utepe ule unaofunga viatu vya watoto na mkanda wa kupimia shinikizo la damu hospitalini, na ambao ukifunguliwa hutoa sauti ya kitu kinachochanika.

Sasa mpe mtoto kishonanguo na kioo cha kukuzia, umwambie atafute kulabu. Hataiona. Ataona miiba miwili au mitatu iliyosimama kichwani pa mbegu, na katika kila mwiba vijino vilivyoelekea nyuma, kama ndoana ya mvuvi au chusa. Hapo ndipo somo lilipo. Kulabu nyororo hupinda na kuachia ikivutwa kwa nguvu, kwa hiyo yaweza kufungwa na kufunguliwa mara nyingi. Kijino cha chusa huingia kwa urahisi na kukataa kutoka. Mimea miwili inatafuta jambo moja, yaani kusafiri bila nauli, lakini kila mmoja una chombo chake, na umbo la chombo ndilo linaloamua kazi kitakayoifaa. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake ameanza kusoma baiolojia na uhandisi pamoja.

Nguvu ya utepe huo nayo yaweza kupimwa bila mizani ya dukani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo chupa ya maji ni mizani tosha. Chukua utepe wa viatu vilivyochakaa, bandika pande zake mbili, funga chupa tupu kwenye upande mmoja na uushike upande wa pili juu. Mimina maji kidogo kidogo hadi utepe uachie, kisha uandike kiasi cha maji. Rudia jambo hilo kwa namna mbili: kwanza utepe ukivutwa kwa urefu wake, upande mmoja ukiteleza juu ya mwenzake, pili ukibanduliwa kuanzia pembeni. Tofauti itakuwa kubwa. Ukivutwa kwa urefu, kulabu nyingi hubeba mzigo pamoja. Ukibanduliwa, safu moja tu ndiyo inayopambana kwa wakati mmoja. Tutalihitaji jambo hili tukimfikia mjusi.

Jani linalojifua lenyewe

Wanaolima magimbi mabondeni wanajua kwamba jani lake halilowi. Mvua ikinyesha, matone hukusanyika kama lulu na kuviringika hadi chini. Yungiyungi takatifu la nchi za Asia lina tabia hiyo hiyo, na tangu zama za kale watu wa huko walilifanya alama ya usafi, kwa sababu huchipuka kutoka katika tope na kubaki halina doa.

Mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, Wilhelm Barthlott, alikuwa akichunguza majani kwa hadubini yenye nguvu kubwa. Aligundua kwamba majani yanayobaki safi si yale yenye uso laini kama kioo, kama mtu angedhania. Yana vipele vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo vimefunikwa chembe za nta. Tone la maji hukaa juu ya ncha za vipele hivyo, na hewa ikanaswa chini yake. Kwa kuwa tone linaligusa jani kwa sehemu ndogo sana, huviringika badala ya kutambaa, na vumbi lililo njiani hushikamana na tone likaondoka nalo. Mwaka 1997 Barthlott na mwenzake Christoph Neinhuis walichapisha maelezo ya jambo hilo, na mwaka 1999 rangi ya kuta za nje iliyoundwa kwa kanuni hiyo ikaanza kuuzwa.

Jaribio lake linaweza kufanywa uani kabla ya chakula cha mchana. Tafuta jani la gimbi na jani la mwembe. Yalaze juu ya vibao viwili vilivyoinamishwa sawasawa, yanyunyizie majivu kidogo, kisha dondoshea kila jani matone kumi ya maji kutoka kimo kimoja. Angalia ni jani lipi limesafika. Hadi hapa mtoto amestaajabu tu, sayansi bado. Chukua jani la pili la gimbi, ulisugue kwa kidole sehemu moja hadi weupe wake wa nta utoke, kisha urudie. Halafu chukua jani la tatu ambalo halikuguswa, na badala ya maji matupu udondoshe maji yaliyokorogwa sabuni.

Matokeo mawili yatajitokeza. Pale nta ilipoondolewa, maji huanza kushika. Na maji ya sabuni hutambaa hata juu ya jani zima, kwa sababu sabuni hudhoofisha ule mvutano wa juu ya uso wa maji unaolifanya tone liwe duara. Mtoto atakuwa amejifunza kwamba jambo hili lina masharti mawili, moja katika jani na moja katika maji, na kwamba ili ujue sababu ni ipi, unabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja na kuyaacha mengine yalivyo. Kanuni hiyo ndiyo moyo wa kila maabara duniani, nasi tumeifikia kwa jani, majivu na kipande cha sabuni. Mwonyeni tu mtoto asilivunjevunje jani na kujipaka utomvu wake, maana huwasha.

Mjusi na dari

Hakuna nyumba katika miji yetu isiyomjua mjusi kafiri, anayetembea darini kichwa chini kana kwamba ni sakafuni. Swali la nini kinachomshika limewashughulisha wataalamu kwa muda mrefu, na namna walivyolijibu ni somo kuliko hata jibu lenyewe.

Walianza kwa kudhani, kama tunavyodhani sisi. Huenda ana gundi? Walipochunguza nyayo hawakukuta tezi za kuitoa. Huenda hunyonya ukuta kwa vikombe vya hewa? Basi alipaswa kuanguka pasipo na hewa, lakini majaribio yalionyesha kwamba hushika hata humo. Kila dhana iliwekewa mtihani ambao ingeweza kushindwa, na iliyoshindwa iliachwa.

Mwaka 2000 Kellar Autumn na wenzake nchini Marekani walifaulu kupima nguvu ya unywele mmoja tu wa unyayo wa mjusi mkubwa wa Asia wa jamii hiyo. Kila unyayo wake una vinywele karibu 500,000, na kila kimoja kimegawanyika mwishoni katika mamia ya ncha bapa. Mwaka 2002 walionyesha kwamba kinachofanya kazi ni ile mivutano dhaifu iliyopo baina ya molekuli za vitu vyovyote vinavyokaribiana mno, inayoitwa kwa jina la mwanafizikia wa Uholanzi, Johannes van der Waals. Mvutano mmoja si kitu. Lakini nyayo nne, zenye vinywele karibu 2,000,000, kila kimoja kikiwa na ncha zake, hufanya dhaifu wengi kuwa nguvu moja. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mjusi ameisimamisha methali hiyo darini.

Lakini kama ameshikwa kwa nguvu hivyo, anawezaje kukimbia? Mwacheni mtoto akumbuke utepe wa viatu. Mjusi akitaka kuinua mguu, hukunja vidole vyake kuanzia ncha kuelekea juu, akaubandua unyayo safu kwa safu, kama tulivyoubandua utepe kuanzia pembeni. Jambo hili halihitaji mjusi kushikwa wala kuumizwa. Usiku anapowinda wadudu kwenye kioo cha dirisha, mtazameni kutoka upande wa pili kwa tochi, na vidole vitaonekana vikikunjuka.

Mwaka 2003 Andre Geim na wenzake wa Manchester, Uingereza, walitengeneza kipande cha utepe chenye vinywele vya plastiki kwa mfano huo. Kilishika vizuri, lakini baada ya kutumika mara chache kikachoka. Mjusi hutumia nyayo zake usiku kucha, mwaka hadi mwaka. Inafaa mtoto aambiwe na habari hizo za kushindwa pia, asije akaamini kwamba wanasayansi huamka asubuhi na majibu mikononi.

Kichuguu, jumba la Harare, na hadithi iliyosahihishwa

Jengo linalotajwa kuliko yote katika taaluma hii limo barani mwetu. Ni jumba la maduka na ofisi la Eastgate, mjini Harare, Zimbabwe, lililofunguliwa mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, akishirikiana na wahandisi wa kampuni ya Arup, alitaka jumba lisilotegemea mitambo mikubwa ya kupoza hewa, na akasema mfano wake ni kichuguu cha mchwa.

Wakati huo maelezo yaliyokubaliwa na wengi yalitokana na kazi ya mtaalamu wa Uswisi, Martin Lüscher, aliyoichapisha mwaka 1961. Kwa maelezo hayo, mchwa na kuvu wanaoilima ndani ya kichuguu hutoa joto; hewa ya moto hupanda, hupoa karibu na kuta, na kushuka tena, hivyo kiota kikabaki na joto lile lile siku zote. Ilikuwa hadithi nzuri, nayo ikaingia katika vitabu vingi.

Kisha watu wakaenda kupima. Mwaka 2008 J. Scott Turner na Rupert Soar walieleza kwamba katika vichuguu vya Namibia joto la kiota hubadilika na misimu, likifuata joto la udongo unaokizunguka. Kazi kubwa ya mnara ule wa udongo, walisema, ni kubadilishana hewa, kiota kipate oksijeni na kuitoa hewa ya ukaa, na upepo unaovuma na kutulia nje hushiriki katika kazi hiyo, kwa namna inayokaribia mapafu kuliko bomba la moshi. Mwaka 2015 watafiti wengine waliopima vichuguu vya aina nyingine ya mchwa nchini India walikuta hewa ikizunguka kwa sababu kuta za nje hupata joto mchana na kupoa usiku upesi kuliko katikati, hata mwelekeo wa hewa mchana ukawa kinyume cha ule wa usiku.

Je, jumba la Harare limeanguka kwa kuwa hadithi ilikuwa na kasoro? Halikuanguka, na tena linafanya kazi yake. Kuta zake nzito za zege na matofali hunyonya joto la mchana, na usiku, hewa baridi ya Harare hupitishwa kwa feni ili kuzipoza, zikaanza siku nyingine zikiwa tayari. Mji huo uko juu sana kutoka usawa wa bahari, na usiku wake una baridi ya kutosha. Sasa mwulize mtoto anayeishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa: jumba hilo likihamishwa hapa kama lilivyo, litafaa? Usiku wetu wa mwezi Februari una joto na unyevu, kwa hiyo kuta zile hazitapata baridi ya kutosha. Ni lazima anayeiga ajue kwanza ni sababu gani inayofanya kazi, na kama sababu hiyo ipo mahali anapopeleka chombo chake.

Darasa lenye kipimajoto kimoja tu linaweza kulichunguza jambo hili. Tafuteni maboksi mawili yanayolingana. Jazeni matofali katika moja, jingine liacheni tupu. Yaacheni wazi nje usiku kucha, na asubuhi yafunikeni. Pimeni joto la ndani ya kila moja kila baada ya saa mbili hadi jioni, na mchore matokeo katika karatasi ya mraba. Mistari miwili itapanda kwa namna tofauti, na watoto watauona kwa macho mchango wa matofali. Shule ya Mbeya au Arusha ikifanya jaribio hilo wiki moja na shule ya pwani, kisha zikaandikiana barua, zitakuwa zimefanya utafiti wa kweli.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mzazi anayerudi kazini amechoka, jambo hili lisionekane mzigo mwingine. Si lazima ajue majibu. Kinachomfaa mtoto ni mtu mzima anayekubali kuuliza pamoja naye, kisha akamwambia, "Haya, tutajuaje?" Tunashauri daftari moja dogo litengwe kwa kazi hiyo, na kila ukurasa uwe na mambo manne: nimeona nini, nadhani sababu ni nini, nimejaribu nini, na kimetokea nini. Dhana iliyoshindwa isifutwe. Iachwe hapo na tarehe yake, maana ni sehemu ya kazi.

Kwa mwalimu, vifaa tulivyovitaja ni chupa, sabuni, majani, mchanga, maboksi na matofali. Wanafunzi wakigawanywa vikundi, kila kikundi kinaweza kufanya jaribio lake na kuwaeleza wenzao. Mwanafunzi apewe alama kwa namna alivyopima, hata kama dhana yake ilikosea, kuliko yule aliyelinakili jibu sahihi kwa jirani.

Usalama nao usisahauliwe. Watoto wasichokonoe vichuguu, kwani nyoka hupenda kujihifadhi humo. Kichuguu kitazamwe kwa nje. Wadudu na mijusi watazamwe wakiwa huru, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kila jaribio. Mtoto anayejifunza kwa kiumbe ajifunze pia kukiacha kikiwa hai.

Nchi haitapata wahandisi wake kwa kuwaongezea watoto fasili za kuhifadhi. Itawapata miongoni mwa watoto waliozoea tangu utotoni kulitazama jambo la kawaida na kutoridhika na jibu la kwanza. De Mestral hakuwa mtu wa kwanza kunaswa nguo na miiba, wala Brunel hakuwa wa kwanza kuona mbao zilizotobolewa. Hivi leo, katika pindo la kanga lililoanikwa kambani, yawezekana vishonanguo vitatu au vinne bado vimeng'ang'ania. Kabla ya kuvichuna na kuvitupa, mwite mtoto.